Panzi wa Kahuzi aliyenipiga chenga

Nakaa Panzi, hapa Bukavu, na napenda kupiga picha panzi. Utani wote wa jambo hilo nimeshausikia, kwa hiyo tuendelee.

Tulipopanda Mlima Kahuzi, mimi nilikuwa na hamu ya sehemu moja tu: kule juu ya mianzi, ukishapita mita 2,600, ambako miti mirefu inakwisha na vichaka vya erika vinaanza. Majani yake ni madogo kama sindano, na ukungu unapita katikati yake kama moshi wa jikoni. Kwenye baridi na upepo wa namna ile utakuta panzi wasioruka kabisa, mabawa yao yamebaki vipande tu, na aina iliyoko mlima mmoja huenda usiipate mlima wa pili. Ndiyo maana nilipomwona yule mdogo kwenye tawi, kahawia mwenye michirizi, mabawa mafupi kama kucha, mikono ilianza kunitetemeka.

"Mwalimu, ni senene tu hiyo," akasema mzee aliyetuongoza.

"Si senene, Muzee. Senene papasi zake, vile vipembe vya kichwani, ni nyembamba kama uzi, ndefu kupita mwili, na jike ana kitu kama upanga nyuma, cha kutagia. Angalia huyu: papasi fupi, nene."

"Sawa. Analiwa?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope, nikipiga picha karibu thelathini, zote kutoka juu. Ujinga mtupu. Kutoka juu unapata rangi, na rangi ya panzi haina ushahidi. Aina moja inaweza kuwa na wa kijani na wa kahawia kwenye kichaka kimoja.

Nyumbani nikaanza kusoma jinsi wenzetu wanavyofanya. Kusini mwa Uingereza, Dorset na Hampshire, kuna panzi adimu wa vichaka kama vile, Chorthippus vagans. Tatizo lake ni ndugu yake, Chorthippus brunneus, aliyejaa kila mahali na anayefanana naye sana. Wanaowajua hawaangalii rangi. Wanaangalia mabawa: ya brunneus hupita magoti ya nyuma, ya vagans huishia karibu na ncha ya tumbo. Halafu wanamgeuza chali, kwa sababu kifua cha brunneus kina manyoya tele upande wa chini, na cha mwenzake kina machache. Mimi mdudu wa hifadhi siruhusiwi kumchukua, na kumgeuza chali sikuwaza hata kidogo.

Wanasikiliza pia. Dume hulia kwa kusugua paja la nyuma kwenye bawa, na kila aina ina mdundo wake. Wangu nilimsubiri alie karibu nusu saa. Kimya.

Jibu lilitoka kwenye picha ambayo sikuipiga mimi. Mzee alikuwa ameshika simu yangu akijaribu kunipiga mimi nikiwa kwenye matope, na panzi akaingia pembeni, ubavu wake wote wazi. Nikaikuza mpaka ikaanza kuvunjika. Vile vibawa vilikuwa jozi mbili, na jozi ya nyuma ilikuwa imelala juu ya jozi ya mbele.

Hapo nikakaa chini. Panzi mzima, hata awe na mabawa mafupi namna gani, bawa la mbele hufunika la nyuma kama koti juu ya shati. Anayevaa shati juu ya koti ni tunutu, panzi mtoto aliyekaribia kukua. Akijivua gamba mara ya mwisho ndipo mabawa hukaa sawasawa, na huenda yakawa marefu kabisa. Kulia asingeweza, hana bado cha kusugua.

Faili nimeibadilisha jina. Ilikuwa "Kahuzi, aina adimu", sasa ni "Kahuzi, tunutu, jina bado".

Nikampigia mzee simu kumweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe mtoto," akasema. "Na bado hujaniambia kama analiwa."