Pedali ya breki ngumu: tatizo lilikuwa paipu ya vakyumu

Pedali ilikuwa ngumu, gari halisimami mpaka uikandamize kwa nguvu zote. Injini ikiwa imezimwa, nilikanyaga mara 5 kumaliza vakyumu (mfyonzo wa hewa unaosaidia breki) iliyobaki, nikaishikilia chini, kisha nikawasha. Breki zikiwa sawa pedali hushuka kidogo, hii haikusogea. Maana yake busta (kifaa kinachotumia vakyumu kuongezea mguu nguvu) haipati vakyumu, au yenyewe imetoboka. Wengi hukimbilia kununua busta, kumbe pa kuanzia ni paipu yake. Niliichomoa: karibu na klipu ya upande wa injini ilikuwa na ufa usioonekana mpaka uikunje. Valvu ya njia moja ilikuwa nzima: ukipuliza upande wa busta hewa inapita, upande wa injini haipiti. Nilifunga paipu mpya ya vakyumu yenye ukuta mnene. Ya maji hunywea ikifyonzwa. Nikarudia kipimo, pedali ikashuka.