Negativu Zilizokaa Kabatini

Miongoni mwa kazi za upigaji picha nilizowahi kukutana nazo, hakuna iliyonigusa kama ile ya negativu, yaani filamu za picha, za Shirika la Utangazaji la Uganda, ambazo zilipigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, zikatiwa katika bahasha, kisha zikakaa kabatini hadi mwaka 2015 zilipotambuliwa kuwa zinafikia takriban 70,000. Nyingi hazikuwahi kuchapishwa kwenye karatasi. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, hapa Kampala.

Picha ninazozirudia ni za washtakiwa wa mahakama ya makosa ya uchumi, enzi za Idi Amin, waliosimamishwa pamoja na bidhaa walizodaiwa kuzificha au kuzifanyia magendo. Mpiga picha alitumwa kuonyesha ushindi wa serikali. Lakini kamera ilinasa pia hofu ya nyuso zile, na hofu hiyo ndiyo ninayoiona leo kabla ya bidhaa zenyewe. Mateso na mauaji ya wakati ule karibu hayaonekani katika hifadhi hiyo, na kwa maoni yangu anayeitazama bila kukumbuka hilo ametazama nusu tu.

Tangu hapo nimeifuatilia pia kazi ya History in Progress Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Griffin, ambayo hukusanya na kunakili picha za zamani ili zionekane tena. Nyumbani nimeanza kuandika majina nyuma ya picha za bibi, wakati angali anawakumbuka waliomo.