Kufuta nakala za zamani kwenye diski ya nje Windows inapokataa

Diski ninayohifadhia nakala imefomatiwa kwa NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski), na baadhi ya folda zake zilitoka kwenye Windows iliyokwisha kuondolewa. Ukijaribu kuzifuta unaambiwa huna ruhusa, hata ukiwa msimamizi. NTFS haijali jina la mmiliki. Inatunza namba yake ya SID (namba ya utambulisho wa akaunti), ile inayoanza na S-1-5-21. Ukiweka Windows upya unapewa namba nyingine hata kama jina ni lilelile, ndiyo maana kwenye sifa za folda, sehemu ya usalama, panaonekana msururu wa tarakimu tu. Diski ya exFAT, mfumo mwingine wa kupanga faili, haina ruhusa za namna hii, kwa hiyo huko tafuta chanzo kingine.

Ninafungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, naanza na umiliki (E:\Zamani ndiyo folda ya kufutwa):

takeown /F "E:\Zamani" /A /R /D Y

/A hukabidhi folda kwa kundi la wasimamizi, /R huingia hadi folda za ndani kabisa. Kwenye Windows ya Kifaransa, badala ya Y (jibu la “ndiyo”) andika O.

Wengi huishia hapa, kisha wanashangaa kukataliwa tena. Umiliki peke yake hukupa haki ya kubadili ruhusa, si ya kufuta. Kwa hiyo:

icacls "E:\Zamani" /reset /T /C /Q

Amri hii huondoa ruhusa za zamani na kurithisha zile za folda ya juu. Naipendelea kuliko kuanza na /grant, kwa sababu katazo lililoandikwa wazi hushinda ruhusa, na /grant haliondoi katazo. Ikiwa diski yenyewe haiwapi wasimamizi haki zote, ndipo naongeza:

icacls "E:\Zamani" /grant *S-1-5-32-544:F /T /C /Q

Namba hiyo ni kundi la wasimamizi kwa Windows ya lugha yoyote. Kisha:

rd /s /q "E:\Zamani"

Hakiki njia (anwani ya folda) kabla ya kubonyeza Enter: amri hii haiulizi, wala faili haziendi kwenye pipa la taka.

Zikibaki folda zenye njia inayozidi herufi 260, hilo si suala la ruhusa tena. Unda folda tupu E:\Tupu, kisha:

robocopy "E:\Tupu" "E:\Zamani" /MIR

Robocopy huifanya Zamani ifanane na Tupu, yaani hufuta vyote vilivyomo. Rudia rd kuondoa ganda lililobaki.