Redio iliyokoroma kila inveta ikiwaka

Umeme ukikatika na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) kuingia, redio ya mama ilikoroma hadi taarifa ya habari haisikiki, na feni ikavuma.

Nilichomoa redio ukutani nikaiwasha kwa betri zake. Kelele zikabaki, kumbe zinarushwa hewani. Nikazunguka nayo nyumba nzima: jikoni kimya, sebuleni afadhali, lakini ikisogea kwenye nyaya nene za betri inapiga makelele. Nyaya zenyewe ndefu, nyekundu imepita huku, nyeusi kule. Zikiachana hivyo zinageuka antena.

Nikazima inveta, nikafungua nyaya (nyeusi kwanza), nikazifupisha, nikazivalisha vichwa vipya na kuzisokota pamoja. Kwenye waya wa kutoa umeme nikabana feraiti, lile donge jeusi la waya za monita za zamani. Kasha la nje la inveta nikaliunga na ethi, ule waya unaokwenda ardhini. FM ikatulia kabisa. AM bado inakwaruza kidogo.

Feni ni kesi nyingine. Inveta hii ya bei chee inatoa mawimbi ya ngazi-ngazi, mota inanguruma na kupata joto, na hapo feraiti haifui dafu. Inatakiwa inveta ya wimbi laini, madukani wanaiita pyua sain. Kwa sasa feni inasubiri umeme urudi.