Siku ya apreizo: siku moja maishani mwangu kama nesi msimamizi, Arua

Watu wakisikia apreizo, yaani tathmini ya kazi ya mwaka, wanafikiri ni bosi anatafuta wa kufukuza. Mimi nasimamia manesi na wakunga kwenye helthi senta III (kituo cha afya) ya serikali huku Arua, Uganda, na nataka mjue hiyo kazi ikoje, manake nesi akitaka kupandishwa cheo ama kwenda kusoma, hiyo fomu ndiyo inamsemea wilayani ambako hakuna anayemjua sura. Mwaka wetu wa serikali unaisha 30 Juni, kwa hiyo saa hizi ni fomu tu.

Saa moja asubuhi napokea ripoti ya usiku, naangalia friji ya chanjo, benchi za OPD (wagonjwa wa nje) zimeshajaa, malaria huku kwetu West Nile haipumziki.

Saa tatu, nesi kijana wa OPD. Rejista zake safi, kila aliyepewa dawa ya malaria kipimo chake kimeandikwa. Tumeongea, tumesaini, karudi kwa wagonjwa.

Saa nne akaingia mkunga wetu mkubwa. Alianza kazi mimi bado niko shule, namwita mama na cheo hakiwezi kubadilisha hiyo. Kwenye fomu amejipa alama 5 kila mahali, na 5 ndiyo ya juu kabisa. Nikamwambia mama, kwa kupokea watoto sina neno, lakini hizi patografu za usiku, karatasi za kufuatilia uchungu, mbona nusu ziko tupu? Mapigo ya moyo wa mtoto yanaandikwa kila nusu saa, njia inapimwa imefunguka kiasi gani kila baada ya saa nne, na sisi hapa hatuna upasuaji, uchungu ukikwama hiyo karatasi ndiyo inatuambia mapema tumpeleke mjamzito hospitali. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, usiku niko peke yangu, huyu anasukuma, yule anatoka damu, mkono gani utashika kalamu?" Nikasema nakuelewa. Akasema hunielewi, ungenielewa ungeweka 5. Tukavutana hapo muda mrefu, akalia kidogo, na mimi roho iliniuma, lakini nikimpa 5 nimeandika kwamba usiku wetu uko sawa, na hauko sawa! Mwisho tukakubaliana 3 kwa rekodi, 5 kwa huduma, na kwenye maoni nikaandika wazi kwamba shifti ya usiku inahitaji wakunga wawili. Nikamsomea neno kwa neno ndipo akasaini.

Hatujamaliza kukunja fomu, boda ikaleta mtoto anadegedega. Sote wawili tukakimbia, mkunga akashika mtoto, mimi nikatafuta mshipa, sukari ikapimwa, artesunate, dawa ya malaria kali, ikaingia, ambulensi tukaingoja sana. Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Chakula nilikula nimesimama, nesi wa chanjo nikamfanyia apreizo yake chini ya mwembe kwa sababu chumba kilikuwa na mgonjwa, na alinieleza safari za vijijini alizokosa kwa kukosa mafuta ya pikipiki, hiyo nayo nikaandika kwa sababu si kosa lake.

Jioni miguu imevimba, fomu zimepangwa kwa inchaji, mkuu wa kituo, asaini. Amebaki nesi mmoja wa shifti ya usiku, nimemwambia asubuhi asiondoke kabla hatujakaa, chai nitaleta mimi.