Mhusika wako akimgeukia mwenzake mezani

Kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu huigiza mhusika wake kwa maneno na dadu huamua matokeo, vita kati ya wahusika wa wachezaji huanza na sentensi fupi: "Namchoma kisu." Dadu tayari iko hewani, msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuamua kanuni, hajafungua mdomo, na mwenye mgongo unaochomwa bado anatafuna bisi. Dakika kumi baadaye kuna mhusika aliyekufa, na watu wawili hawatazamani usoni.

Wengi husema wachezaji wana hasira au hawana adabu. Wapo wa hivyo, lakini mara nyingi tatizo liko kwenye hesabu. Mchezo huu, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, umejengwa kwa kundi linalopigana na majini, mazimwi na mifupa inayotembea. Mhusika wa mchezaji hutoa kipigo kikubwa kuliko anachoweza kuvumilia, kwa kuwa pembeni ana wenzake wa kumtibu na kumkinga. Mgeuzie mwenzake kipigo hicho uone.

Tuchukue toleo la tano, lile la 2014, na wahusika wawili wa levo 5, yaani ngazi ya tano ya ukuaji. Mchawi mwenye nyongeza ya 2 kwenye afya ana pointi za uhai 32. Mpiganaji mwenye nyongeza ya 3 anazo 49. Mpiganaji ana upanga wa mikono miwili, dadu mbili za pande sita na kuongeza 4, yaani wastani wa 11 kwa pigo. Levo hiyo anapiga mara mbili kwa zamu, na akitumia ule uwezo wake wa kujiongezea tendo anapiga mara nne. Mchawi aliyejikinga kwa uchawi wa kawaida ana kinga ya 15, namba ambayo shambulizi lazima liifikie, hivyo mpiganaji mwenye nyongeza ya 7 anahitaji 8 kwenye dadu ya pande 20. Kwa wastani mapigo hayo manne humtoa mchawi pointi kama 30 kati ya 32. Yakiingia yote ni 44, mchawi yuko chini kabla hajacheza hata zamu moja.

Mchawi akitangulia, anatupa uchawi wa kumgandisha mtu. Mpiganaji asiye na nyongeza ya busara anatakiwa kupata 15 au zaidi kujiokoa, kwa hiyo mara 7 kati ya 10 anaganda kama sanamu. Kwa maneno mengine, pambano zima limeamuliwa na dadu ya kupanga zamu. Ustadi haukuhusika kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo meza nyingi husahau. Mhusika akifika sifuri anazimia, na kila zamu yake hurusha dadu ya kifo: 10 kwenda juu amefaulu, chini ya hapo amefeli, na akifeli mara tatu amekwisha. Lakini pigo linalompata aliyezimia kutoka hatua moja huhesabiwa kuwa pigo kuu, na pigo kuu ni kufeli mara mbili. Kwa hiyo mapigo mawili ya ziada yanaua. Mpiganaji aliyebahatika kumwangusha mchawi kwa mawili ya mwanzo ana mengine mawili mkononi. Hapo ndipo wachezaji hushtuka: "Nilitaka kumtisha tu!" Dawa imo kwenye kanuni zenyewe, maana anayepiga kwa silaha ya mkononi anaweza kuamua kuwa pigo linalomfikisha mwenzake sifuri limemzimisha tu, bila kumuua. Aseme palepale pigo linapotua, si baada ya kuona watu wamenuna. Mishale na uchawi unaorushwa kutoka mbali haviruhusiwi hivyo.

Kwa hiyo sentensi ile ikitamkwa, msimamizi aweke kiganja juu ya dadu. Amuulize anayeshambulia swali moja: unataka kupata nini? Asikubali jibu la "nataka kumpiga", kwa sababu nyuma ya kisu kuna pete, siri, au mfungwa ambaye mmoja anataka kumuua na mwingine kumwachia. Kisha amgeukie anayeshambuliwa, na huyu ndiye mwenye kauli. Akikataa, kisu hakikutoka alani na mchezo unaendelea. Akitaka, aeleze mwenyewe kilichotokea: "Amenikata shavuni, nimemsukuma mtoni." Akichagua dadu, dau litajwe kwanza kwa sauti, kila mtu asikie.

Dau zuri lina mwisho unaojulikana. Mfano: wa kwanza kupoteza nusu ya uhai ameshindwa, pete inabaki kwa mshindi, hakuna anayekufa. Kwa mchawi wetu nusu ni 16, na hata hapo mpiganaji azimwe ule uwezo wa mapigo manne, la sivyo pambano ni zamu moja tena. Dadu ya zamu irushwe kabla ya tendo lolote. Aliyetamka "nachoma" kwanza hajatangulia, ametangulia kusema tu.

Na wachezaji wengine waliokaa mezani? Pambano la wawili linaweza kula nusu saa huku wengine wakichezea simu. Wape kazi: mmoja awe walinzi wanaosikia kelele, mwingine acheke na kuweka dau la dhahabu.

Wizi ni mbaya kuliko kisu, ingawa unaonekana mdogo. Mwizi wa levo 5 aliyebobea katika wepesi wa mikono ana nyongeza ya 10. Mpiganaji wetu ana umakini wa kawaida wa 10, na hiyo ndiyo namba ambayo mwizi anatakiwa kuifikia. Mwizi akipata hata 1 kwenye dadu anafikisha 11, basi hashindwi kamwe, na kwenye vipimo vya ustadi 1 haina adhabu ya peke yake. Ruhusu hilo mara moja, kila mtu ataanza kulala amekumbatia mfuko wake. Meza nyingi hupiga marufuku moja kwa moja, nami naona ni sawa. Kisingizio cha "ndivyo mhusika wangu angefanya" kisikubalike hapa. Mhusika uliyemtunga wewe unaweza pia kumtungia sababu ya kutomwibia rafiki.

Ajali za tufe la moto, uchawi unaolipuka na kuunguza wote walio karibu, ni suala jingine. Linafunika mita 6 kila upande na kutoa wastani wa 28. Uliza walio ndani kabla ya kurusha. Mchawi wa tawi la uchawi wa milipuko anaweza kuwakinga wenzake wanne dhidi ya tufe la levo yake ya kawaida, kwa hiyo kwake si tatizo. Na mwenzako akitekwa akili na adui, mpige kidogokidogo: uchawi wa kutawala mtu humpa nafasi mpya ya kujiokoa kila anapoumia.

Mkitaka usaliti wenyewe, chezeni michezo iliyoukusudia. Katika Paranoia, ya 1984, kila mhusika ana miili sita inayofanana, mmoja ukifa mwingine unashika nafasi, na kila mmoja ni msaliti kwa siri, kwa hiyo kufa ni kicheko. Amber, ya 1991, haina dadu kabisa: wachezaji hununua uwezo kwa mnada, kila mmoja na pointi 100, na uhasama huanzia hapo. Apocalypse World ya 2010 ina ujanja ninaoupenda zaidi: ukimshawishi mhusika wa mwenzako vizuri, akikubali anapata alama ya kukua. Hakuna anayelazimishwa, ila kukubali kuna faida.

Mkibaki na Dungeons & Dragons na mtu akauawa kweli, mhusika wake mpya aingie akiwa levo ileile, mapema, ikiwezekana kabla ya kikao kwisha. Na kwenye karatasi yake kusiwe na ndugu wa marehemu anayetafuta muuaji.