Kipande kilichotoka tanurini kimepungua uzito

Zile chembe kali za msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi wa magari, ni silikoni kabaidi. Nilikuwa naijua hivyo tu, mpaka nilipokwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamili nikapewa kazi ya kuchoma vigae vyake vidogo kwa nyuzi joto 1,950 za Selsiasi.

Unga wangu ulikuwa wa aina ya beta, yaani mpangilio mmojawapo wa atomi zake (mwingine huitwa alfa), punje zake hazifiki maikromita moja, na karibu zote mviringo. Niliuchanganya na alumina na itria, yaani oksidi za alumini na itriamu, ambazo huyeyuka na kuzigandisha punje pamoja. Kigae kikishashikana, ukikichoma tena kwa saa kadhaa, beta hugeuka alfa na punje hurefuka zikawa kama vibao. Vibao hivyo ndivyo nilivyokuwa navitafuta.

Mara ya kwanza niliviweka vigae wazi ndani ya chungu cha grafaiti, nikafungulia gesi ya agoni, nikaenda kulala. Asubuhi kigae cha gramu 6.2 kilikuwa na 5.9. Nikailaumu mizani. Nilipokikata, kwa pembeni kilikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina.

Mzee anayetunza tanuri alikitazama mara moja tu. "Hukukifukia?" Kumbe kwenye joto lile alumina hula silikoni kabaidi, na vyote viwili huondoka kama gesi, mojawapo ikiwa monoksidi ya kaboni. Safari ya pili nilivizika vigae ndani ya unga wa silikoni kabaidi wenye alumina kidogo, nikafunika. Gesi ikatoka kwenye unga kwanza, ikajaa humo chunguni, na vigae vyangu havikupungua kitu cha kutia hofu.

Kuziona punje nako kulinitoa jasho. Kigae ulichokisugua kiking'ae hakikuonyeshi kitu. Lazima ukichemshe kwenye maji ya njano ya Murakami, dawa inayoula uso wa kigae mpaka punje zionekane, nami mara mbili nilikitoa mapema. Mara ya tatu, kwenye hadubini ya elektroni, vibao vikatokea, vimelaliana kila upande.

Nikakidunga kwa ncha ya almasi ili kitoe ufa. Kwenye kigae ambacho hakikuchomwa tena, ufa ulikwenda moja kwa moja. Kwenye hiki ulifika kwenye kibao, ukapinda, ukafuata ubavu wake, ukapinda tena, na ukaishia kabla ya nusu ya urefu wa ule wa kwanza. Ugumu ulishuka kidogo. Sikujali.